Ukifanyiwa ukatili na una ajira: namna ya kupata siku za ruhusa bila kupoteza kazi

Usitafute likizo ya ukatili kwenye sheria zetu za kazi hapa Tanzania, hutaikuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, imetaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, na siku chache za msiba au za kuuguza mwanao. Mke aliyepigwa na mumewe usiku wa Jumapili, au msichana aliyebakwa akitoka shifti ya usiku, hakutajwa. Ufilipino walishaweka siku 10 zenye malipo kwa mwanamke aliyefanyiwa ukatili tangu 2004. New Zealand wana siku 10 tangu Aprili 2019, na Australia nao wakaweka 10 kuanzia Februari 2023. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 mwaka 2019, na Pendekezo namba 206 lililoambatana nao linataja likizo kwa walioumizwa majumbani. Kwetu bado kifungu hicho hakijaandikwa.

Siku zenyewe zipo, ila zimetawanyika kwenye vifungu tofauti, na anayezipata ni yule mwenye karatasi. Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar es Salaam aliyeajiriwa, awe kiwandani Chang'ombe, dukani Kariakoo, hotelini Masaki au nyumbani kwa watu Mbezi. Unahusu Tanzania Bara tu, kwa kuwa Zanzibar wana sheria yao ya kazi. Wanajeshi, polisi, askari magereza na walioko JKT hawamo kwenye sheria hii. Wanaume wamo. Mwanamume aliyelawitiwa au anayepigwa nyumbani ana siku zilezile, ingawa najua wengi wangependa wafe na siri yao.

Hospitali kwanza

Kama ni ubakaji au ulawiti, saa 72 ndizo za kuhesabu. Ndani ya muda huo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaweza kuanzishwa, na zikianza zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura vinafaa hadi siku 5, lakini kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Usioge, usipige mswaki kama tukio lilihusu mdomo, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni huleta unyevu na unyevu unaharibu ushahidi.

Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Mwananyamala na Temeke. Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, hivyo husimulii jambo lilelile kila dirisha. Kama upo mbali, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa.

Sasa suala la PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha aliyoyaona. Inatoka polisi, na haiuzwi. Vituo vikubwa kama Oysterbay na Chang'ombe vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kuulizia badala ya kusimulia kaunta mbele ya watu waliokuja kudai pikipiki zao. Ukiwa unavuja damu, au saa 72 zinakwisha, anza na hospitali, fomu itafuata. Ukitoa maelezo, omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uiandike mahali ambapo mwenzako wa nyumbani hataiona. Askari akikwambia haya ni mambo ya ndani mkayamalize nyumbani, mwambie taratibu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Akizidi kukupuuza, omba kumwona mkuu wa kituo. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Hapa kuna jambo gumu ambalo si vizuri kukuficha. Kwa mke anayelazimishwa tendo na mume ambaye hawajatengana, Kanuni ya Adhabu haihesabu kuwa ni ubakaji. Kipigo, jeraha na vitisho vinabaki kuwa makosa, na hayo ndiyo ya kuandikishwa. Huduma ya hospitali haiangalii kama ana cheti cha ndoa. Likizo ya ugonjwa nayo haiangalii.

Toa taarifa kazini siku ileile

Watu wengi wanaopoteza kazi baada ya ukatili hawafukuzwi kwa sababu ya ukatili. Wanafukuzwa kwa utoro. Mtu anapigwa, anavimba uso, anaona aibu kuonekana, anazima simu, anakwenda kwa shangazi yake Mbagala hadi uvimbe uishe. Anarudi baada ya siku kumi na kukuta barua mezani. Kanuni za utendaji bora za 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 42, zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa au bila sababu inayokubalika, kuwa kosa zito linaloweza kumwachisha mtu kazi. Mwajiri anayetaka kukuondoa hahitaji kingine.

Kwa hiyo ujumbe wa simu utume hata ukiwa kitandani. Hauhitaji maelezo. Mfano:

*Shikamoo bosi. Leo sitaweza kufika kazini, nimeumia na niko njiani kwenda hospitali ya Temeke. Karatasi ya daktari nitaituma nikishaonwa. Naomba ruhusa.*

Basi, inatosha. Mtumie msimamizi wako na ofisi ya utumishi pia, kwa sababu msimamizi anaweza kusahau, au kusahau kwa makusudi. Andika, usipige tu, kwani simu ya mdomo haiachi alama. Kama simu yako imevunjwa au amekunyang'anya (na hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani), mtu unayemwamini atume kwa niaba yako na ataje jina lako kamili na idara yako. Piga picha ujumbe uliotumwa, au mwombe yeye aihifadhi. Kama mna makundi ya kazi ya WhatsApp, usitume humo. Saa moja baadaye habari itakuwa imefika kantini.

ED ndiyo msingi

Likizo ya ugonjwa ni kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira, na kwa mtu aliyeumizwa ndiyo likizo yenye nafasi kubwa kuliko zote. Katika kila kipindi cha miezi 36 kwa mwajiri uleule, una siku 126. Za kwanza 63 unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, kile tunachokiita ED. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo.

Daktari anayekubalika ni yeyote aliyesajiliwa. Kampuni nyingine zina zahanati yao au hospitali waliyoingia nayo mkataba, na msimamizi atakwambia ED ya Mwananyamala haitambuliki. Sheria haisemi hivyo. Inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa, na hata akiwa mtabibu wa aina nyingine, mwajiri hapaswi kumkataa bila sababu ya maana.

Mwombe daktari mambo mawili kabla hujatoka chumbani. La kwanza, aandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina lake, na mhuri usomeke. ED yenye mhuri uliofifia imewatesa watu wengi. La pili, asiandike chanzo. Neno kama "matibabu na mapumziko" linatosha kwa matumizi ya kazini. Daktari mwenye haraka anaweza kuandika "amepigwa na mume" bila kufikiri kwamba karatasi hiyo itapita mezani kwa watu watatu.

PF3 usiipeleke kazini. Nasisitiza, kwa sababu naona watu wanaitoa wakidhani ndiyo itakayoaminika zaidi. Fomu hiyo ni ya kesi, ina maelezo ya mwili wako, na kazi yake ni mahakamani. Toa kopi kadhaa, moja mpe ndugu unayemwamini aitunze, na fomu yenyewe irudi kwa mpelelezi. Ofisi inahitaji ED peke yake.

Na usidhani ED ni ya mtu mwenye bandeji tu. Kukosa usingizi, kutetemeka ukisikia mlango, kushindwa kupanda daladala lililojaa wanaume baada ya kubakwa, hayo ni maradhi na yana matibabu. Mwambie daktari. Hospitali za rufaa zina wahudumu wa afya ya akili, na cheti chao ni cheti kama kingine. Siku 126 hazikugawanywa kati ya kidonda kinachoonekana na kisichoonekana.

Anayefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuko pabaya, kwa kuwa likizo zenye malipo hazijamfikia. Lakini kama wewe ni deiwaka unayeitwa na kuachwa na kuitwa tena na mwajiri yuleyule, vipindi vyako vinajumlishwa. Vikipita miezi 6 ndani ya mwaka mmoja, unahesabiwa kuwa na haki. Wenye viwanda hawapendi hesabu hii, ndiyo maana inafaa utunze meseji za malipo ya kila wiki.

Siku za polisi, mahakama na kuhama

ED haifuniki kila kitu. Siku unayokwenda Dawati kutoa maelezo ya nyongeza si ugonjwa. Siku unayotafuta chumba Kigogo au Gongo la Mboto ili uondoke kwa mtu anayekupiga, si ugonjwa pia. Hapa unaingia likizo ya mwaka.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na ndani yake zinahesabiwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwajiri ndiye anayepanga lini utakwenda, hivyo kisheria unaomba, hudai. Waajiri wengi wanakubali kuigawa. Omba siku chache zinazotosha shughuli moja badala ya kuimaliza yote kwa mkupuo, maana kesi zetu zina tabia ya kuahirishwa na utaihitaji tena. Kwa jambo la asubuhi moja, omba saa. Mfanyakazi anayesema "nitaingia saa 7 mchana baada ya mahakama ya Kisutu" anakubaliwa haraka kuliko anayeomba siku nzima, na ana uhakika wa kubakiza siku zake.

Ukipata hati ya wito wa shahidi, kopi yake iende kazini siku unayoipokea. Wito ni amri ya mahakama. Sijawahi kuona mwajiri anayejielewa akiandika kwa mkono wake kwamba amemzuia mtu kuitikia. Kama siku hiyo italipwa au la ni jambo la mkataba wenu na sera ya kampuni. Soma mkataba wa hiari kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kama upo, kwa sababu vyama kama TUICO, CHODAWU na TUGHE huingiza humo ruhusa ambazo sheria haikuzitaja.

Kifungu cha 34 kina siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wako. Mtoto naye akiumizwa katika vurugu za nyumbani, au akihitaji kupelekwa kliniki baada ya kufanyiwa ukatili, siku hizo ni zako. Tahadhari moja: ni 4 kwa kipindi chote cha miezi 36, si 4 kwa kila tukio. Zaidi ya hapo mwajiri anaweza kukubali siku za nyongeza bila malipo. Likizo bila malipo iwe ya mwisho kabisa, na usikubali kuipewa kwa mdomo. Omba barua inayosema utarudi lini na kwenye nafasi ipi.

Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama, katika shauri la ndoa, kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzake. Dar es Salaam mashauri ya ndoa na mirathi yana Kituo Jumuishi pale Temeke. Kabla ya shauri la talaka utapitishwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa hiyo panga siku zako ukijua kwamba kuna safari zaidi ya moja. Ofisa ustawi wa jamii wa manispaa yako anaweza kukuonyesha njia bila kukutoza chochote. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye anasaidia kwa barua, ila kwanza fikiria kama ni rafiki wa mumeo.

Umwambie bosi kiasi gani

Hakuna kifungu kinachokulazimisha kueleza nani alikupiga na kwa nini. Ushauri wangu ni huu: kama unahitaji siku tu, toa ED na unyamaze. Kama unahitaji kitu zaidi ya siku, mfano kubadilishiwa shifti, kuhamishwa tawi la Posta kwenda la Mbezi, au mlinzi wa getini ajue sura ya mtu fulani, basi mweleze mtu mmoja, kwa sentensi chache, na uchague vizuri huyo mmoja. Si lazima awe mkubwa wako. Mara nyingi mama wa ofisi ya utumishi mwenye miaka mingi kazini atakusitiri kuliko meneja kijana.

Barua inaweza kuwa fupi hivi:

*Yah: Ombi la mabadiliko ya shifti na usiri wa taarifa zangu*

*Ninapatiwa matibabu kutokana na tukio la ukatili lililonipata nje ya kazi, na suala hilo lipo polisi. Naomba kuhamishiwa shifti ya mchana kuanzia tarehe … hadi tarehe … kwa ajili ya usalama wangu. Naomba pia anuani, namba ya simu na ratiba yangu visitolewe kwa mtu yeyote anayeniulizia, akiwemo anayejitambulisha kuwa ndugu au mwenzi wangu. Taarifa hizi ni za faragha, naomba zisiwekwe kwenye faili linaloonwa na watu wengine.*

Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe jioni hiyohiyo. Usiri huo si hisani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwajiri anayezishika anawajibika nazo. Ile sentensi kuhusu mtu anayekuulizia iandike hata ukiacha nyingine zote. Mume akifika mapokezi na uso wa huruma akisema "mama watoto hajarudi, nina wasiwasi", dada wa mapokezi atamtajia ratiba yako yote kwa nia njema kabisa.

Mkosaji akiwa yupo kazini

Hapa mambo yanabadilika, kwa kuwa sasa mwajiri ana wajibu wake mwenyewe, si wa kukuonea huruma. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi, na kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kuuondoa ubaguzi kazini, uliosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Uliza mpango huo uko wapi. Ofisi nyingi zitakodoa macho, na kukodoa huko nako ni taarifa ya kuandika kwenye malalamiko yako.

Unyanyasaji wa kijinsia pia ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, tangu marekebisho ya 1998 yaliyokuja na sheria ya makosa ya kujamiiana. Msimamizi akidai tendo ili akupe mkataba, shifti nzuri au ruhusa yenyewe ya kwenda hospitali, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea simu kwenye 113 bila malipo. Usifute meseji zake hata zikikuchefua.

Malalamiko yaandike kwa ngazi iliyo juu ya mkosaji, ukitaja tarehe, mahali, nani alikuwepo na unachotaka kifanyike. Kusema "naomba hatua zichukuliwe" hakusaidii sana. "Naomba nisiripoti kwake kuanzia kesho" kunasaidia, kwa sababu wakikataa, wamekataa jambo linaloonekana.

Kuna mtego mmoja nauona ukiwanasa wanawake wenye akili kabisa. Hali ikiwazidi, wanaandika barua: "Najiuzulu kwa sababu binafsi." Kwa maneno hayo matatu ya mwisho umemfutia mwajiri deni. Kanuni za 2007 zinasema unyanyasaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake, ni sababu inayoweza kuifanya ajira isivumilike, na anayeondoka kwa sababu hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini lazima sababu iwepo kwenye barua, na uonekane ulijaribu kulalamika kwanza. Kama huna budi kuondoka, andika kilichokuondoa. Na kama unaweza kusubiri siku chache, barua hiyo isomwe kwanza na mwanasheria.

Ukiumizwa ukiwa kazini unatekeleza majukumu yako, kwa mfano mhudumu wa baa aliyeshambuliwa na mteja, mwambie mwajiri aripoti kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri wengi hawakumbuki kwamba Mfuko huo si wa walioangukiwa na mashine peke yao.

Ukinyimwa au ukifukuzwa

Kabla ya kukufukuza kwa kosa la nidhamu, mwajiri anapaswa kukuita kwenye kikao, akupe taarifa si chini ya saa 48 kabla, na akuruhusu uje na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Nenda, hata kama umekata tamaa. Beba ED, picha za ujumbe uliotuma, na kopi ya RB. Usiingie kwenye maelezo ya tukio lenyewe. Hoja yako kikaoni ni moja, kwamba ulitoa taarifa na ulikuwa na sababu.

Wakikufukuza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Una siku 30 tangu kuachishwa. Kwa mgogoro mwingine, kama kukatwa mshahara wa siku za ugonjwa au kunyanyaswa, una siku 60. Hesabu hizi ni za kalenda, na kikao cha ndugu cha kusuluhisha ndoa hakizisimamishi. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala, unapata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha. Hakuna ada. Usuluhishi unakuja kwanza, uamuzi baadaye. Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kiapo, na mtu aliyekuwa amelazwa ana la kusema, ila ni heri usifike huko.

Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali hauwahusu wenye chini ya miezi 6 kazini. Aliye chini ya hapo bado anaweza kulalamikia ubaguzi na kudai mshahara wake. Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikuogopeshe. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni kazi ya mwajiri, na asipoweza kuyaonyesha mbele ya CMA, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Mtumishi wa umma anapaswa kumaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kufikiria CMA, kwa hiyo rufaa yake aiangalie mapema.

Wafanyakazi wa majumbani wanalindwa na sheria hiihii, neno kwa neno. Shida yao ni kwamba mara nyingi mkosaji, mwajiri na mwenye funguo za geti ni mtu mmoja. Dada aliye katika hali hiyo asianze na barua. Atoke kwanza, hata na kanga moja, aende polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii, mishahara yake itadaiwa akiwa salama. CHODAWU ndicho chama chenye uzoefu na watu wa majumbani. Akiwa chini ya miaka 18, namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116.

Msaada wa sheria bila malipo unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Dar es Salaam kuna Chama cha Wanasheria Wanawake, yaani TAWLA, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC. Nenda na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mwanasheria anayehudumia watu wengi asubuhi moja atakusaidia mara mbili zaidi ukimkabidhi faili kuliko ukimkabidhi simu yenye picha mia nne.

Siku ya kurudi

Fika na nakala za ED zote, hata zile ulizokwisha kutuma. Uliza kwa maandishi umebakiwa na siku ngapi za likizo ya mwaka na ngapi za ugonjwa, kwa sababu kuna ofisi hukata siku za ED kutoka kwenye likizo ya mwaka kimyakimya. Mshahara wa mwezi huo ulinganishe na siku zako. Ndani ya 63 za kwanza haupaswi kupungua.

Fomu zako za kazini zina jina la mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, na kwa wengi jina hilo ni la mume. Libadilishe. Angalia pia mshahara unaingia wapi. Kama ni kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, au benki ambayo kadi na namba ya siri anayo yeye, fungua akaunti mpya na upeleke barua ya kubadilisha kabla hesabu za mwezi hazijafungwa. Ofisi nyingi za uhasibu hufunga kati ya tarehe 15 na 20, hivyo uliza mapema, na mwambie mhasibu uthibitisho usitumwe kwenye namba ya zamani.